Moto Mdogo Uandikwe

Katika visima vya mvuke vya Olkaria, hatari haingojwi mpaka ionekane. Pamoja na mvuke, ardhi hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai bovu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni na ndani ya mashimo ya vali. Ikizidi kiwango hulemaza kwanza pua isiweze kunusa, kisha humwangusha mtu mwenyewe. Na ikichanganyika na hewa kwa kipimo kinachotosha, hushika moto. Ndiyo maana kazi ya mvuke, tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 uanze kuzalisha umeme hapa mwaka 1981, ni kazi ya vipimo na maandishi. Gesi hupimwa. Fundi wa kuchomelea hupewa kibali kabla ya kuwasha mashine yake. Upepo huangaliwa ili watu wajue wakimbilie upande gani. Na tukio dogo, kama kebo iliyofuka moshi ikazimwa kabla ya hasara, huandikwa ili zamu inayofuata ilijue.

Wanafunzi wengi hupita hapa. Wapo wa uhandisi na jiolojia wanaotoka Egerton kule Njoro, wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi cha Nyeri, ambacho kina taasisi yake ya mafunzo ya jotoardhi, na wa vyuo vya ufundi vya Nakuru. Wapo pia wataalamu wa mataifa mengine ya Afrika waliowahi kuja Naivasha kwa kozi fupi zilizoanzishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano na Iceland. Mchana huvaa kofia ngumu na kuonyeshwa mahali pa kukusanyika iwapo king'ora kitalia. Usiku wengi wao hurudi kulala katika jengo ambalo hakuna aliyewahi kuwaonyesha mlango wa dharura.

Mhadhara huu unahusu pengo hilo la mchana na usiku. Hoja yake ni kwamba vyuo vya Kenya havikosi sheria ya moto, na mara nyingi havikosi hata vizima-moto vyekundu ukutani. Vinachokosa ni wajibu unaotekelezwa wa kuandika kila moto, hata ule uliozimwa kwa blanketi, na kuyaweka maandishi hayo mahali ambapo mwanafunzi, mzazi na kikosi cha zimamoto wanaweza kuyasoma.

Aliyewahi kukaa hosteli ya chuo Kenya anaijua koili: kipande cha udongo wa kuchoma chenye mfereji uliojipinda, na ndani yake waya unaogeuka mwekundu ukipata umeme. Mara nyingi haina swichi, na pengine nyaya zake huchomekwa soketini bila plagi. Imepigwa marufuku karibu kila hosteli na inapikia ugali karibu kila hosteli, kwa sababu chakula cha kununua ni ghali kwa mtu anayengoja mkopo wa masomo. Ekstensheni moja huwasha koili, simu, kompyuta na taa. Chumba cha watu wawili hulala wanne, wawili kati yao wakiwa wageni ambao majina yao hayamo katika orodha ya msimamizi wa bweni. Juu ya hayo yote kuna magodoro ya sponji. Sponji ikishika moto hutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, na chumba kidogo chenye magodoro, nguo na mapazia kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika tatu hadi tano.

Dakika tano hizo hazitoshi gari la zimamoto kufika. Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto, na Kaunti ya Nakuru ina vikosi Nakuru mjini na Naivasha. Lakini kati ya kituo na bweni kuna barabara, lango lililofungwa, magari yaliyoegeshwa ovyo na bomba la maji ya zimamoto ambalo pengine halijafunguliwa kwa miaka. Kwa hiyo uhai wa aliyelala unategemea yaliyofanywa kabla ya usiku ule. Je, kuna kengele inayolia? Je, kuna mlango unaofunguka kwa nje, na dirisha lisilo na nondo? Je, orodha inasema kweli kuhusu nani yumo ndani?

Kanda hii ya Bonde la Ufa haihitaji kuelezwa moto ni nini. Mwishoni mwa Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na watu zaidi ya 100 waliokuwa wakichota mafuta wakafa. Siku tatu kabla yake duka la Nakumatt Downtown lilikuwa limeungua Nairobi. Tarehe 10 Desemba 2016, Karai, karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka haraka liligonga magari mengine na moto ukaua takriban watu 40 barabarani. Baada ya kila msiba viongozi walifika na ahadi zikatolewa. Lakini yanayofaa kujadiliwa hapa zaidi ni mabweni, kwa sababu mabweni yameungua kwa namna ileile kwa zaidi ya miaka 25, na sababu za vifo zimejulikana tangu ule wa kwanza.

Mwezi Machi 1998, wasichana 26 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Bombolulu, Pwani. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango ulikuwa umefungwa. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Petroli ilimwagwa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2016, mahakama iliamua kwamba familia za Kyanguli zilistahili fidia. Watoto hao walikuwa wamezikwa kwa miaka 15.

Majirani hawakusalimika. Tanzania ilipoteza wasichana zaidi ya 40 katika shule ya Shauritanga, Rombo, Juni 1994, na wengine 12 katika shule ya Idodi, Iringa, Agosti 2009. Uganda ilizika watoto wa Budo Junior mwaka 2008, na mwaka 2022 watoto wa shule ya wasioona ya Salama, Mukono, ambako 11 walikufa.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na si waraka wa maneno matupu. Unataka mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5 na ufunguke kwa nje, pawe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, dirisha lisiwe na nondo, vitanda viachane kwa mita 1.2 na njia ya katikati iwe mita 2. Mtu yeyote mwenye futi kamba anaweza kuingia bwenini na kumaliza ukaguzi kabla ya chai ya saa nne. Hata hivyo, tarehe 2 Septemba 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls, Nairobi. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, lililokuwa na wavulana zaidi ya 150, liliungua na kuua 21. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Wakaguzi walitumwa nchi nzima, na kabla mwaka haujaisha wizara ikaamuru shule 348 zifunge sehemu zao za bweni.

Idadi hiyo inapaswa kusomwa polepole. Mabweni hayo yalikuwepo mwezi mmoja kabla ya Endarasha, na mwaka mmoja kabla, yakiwa na watoto ndani yake na maafisa wa elimu wakiyapita. Mwongozo ulikuwa na umri wa miaka 16. Kilichokosekana ni karatasi inayosema: bweni hili limepimwa lini, na nani, na alikuta nini, na mzazi anayeweza kuiomba karatasi hiyo akapewa.

Vyuoni hali ni tofauti kidogo, na kwa namna fulani ni ya kutia wasiwasi zaidi. Mwongozo wa 2008 uliandikwa kwa ajili ya shule. Chuo kikuu kinasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na chuo cha ufundi na mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi (TVET) iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Zote mbili huangalia majengo zinapotoa idhini, lakini macho yake yako zaidi kwenye mitaala, wahadhiri na maabara. Wengi hudhani kwamba moto wa hosteli hauna mwenyewe kisheria. Si kweli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, na inawalinda pia watu wasio wafanyakazi ambao kazi hiyo inaweza kuwadhuru. Chuo ni mahali pa kazi kama ulivyo mtambo wa Olkaria. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huohuo zinadai ukaguzi wa moto kila baada ya miezi 12 unaofanywa na mkaguzi aliyeidhinishwa, kikundi cha kuzima moto kilichofunzwa, na zoezi la kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka.

Sheria inadai pia taarifa. Kifungu cha 21 kinamtaka mwajiri amjulishe afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake kuhusu ajali na matukio ya hatari. Mtu akifa, afisa huyo aarifiwe ndani ya saa 24 na apelekewe taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Kwa hiyo wajibu upo. Lakini taarifa hiyo hupanda kutoka kwa mwajiri kwenda kwa afisa, na huko huishia kwenye faili. Haishuki kwa mwanafunzi anayelala ghorofa ya tatu, wala haimfikii mzazi wa Gilgil anayechagua chuo cha kumpeleka mwanawe. Na ule moto wa pazia uliozimwa kwa ndoo ya maji kabla haujamchoma mtu hauandikwi na yeyote.

Ni hapa ambapo tabia ya kufunika kombe mwanaharamu apite inagharimu maisha. Mwanafunzi aliyeunguza godoro hanyanyui simu, kwa sababu anajua atalipishwa, ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu na huenda akafukuzwa chumbani. Msimamizi wa bweni haandiki, kwa sababu ataulizwa koili iliingiaje. Mkuu wa chuo hafurahii habari ichapishwe, maana msimu wa usajili u karibu. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote zinaeleweka. Matokeo yake ni kwamba soketi iliyounguza pazia muhula huu inabaki ukutani kumsubiri mpangaji wa muhula ujao.

Hofu nayo ina hesabu yake. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Aprili 2015, mlipuko wa umeme ulisikika katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilikuwa zimepita siku 10 tu tangu mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka madirishani na ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia. Kilichomuua huyo na kuwavunja wengine mifupa si umeme wenyewe. Waliamshwa na kishindo ambacho hakuna aliyewaambia maana yake, katika jengo ambalo hakuna sauti iliyokuwa imezoeleka kumaanisha "tokeni kwa ngazi, kusanyikeni uwanjani." Mwezi Novemba mwaka huohuo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, liliigiza shambulio; watu wengi hawakujua ni maigizo, wengine wakaruka, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Matukio haya mawili yanafundisha kitu kimoja kwa njia mbili. Asiyefanya mazoezi hufa kwa taharuki, na zoezi lisilotangazwa laweza kuwa taharuki yenyewe.

Kisha kuna hasara isiyo na jeneza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililosimama juu ya kilima cha Kampala tangu mwaka 1941, liliungua. Hakuna aliyekufa. Lakini waliosoma pale, wakiwemo Wakenya na Watanzania wa kizazi cha uhuru, waliona paa likiporomoka na wakajiuliza kuhusu kumbukumbu zilizokuwa ndani. Jengo lilirejeshwa na kufunguliwa tena mwaka 2024, miaka minne baada ya moto, kwa fedha nyingi za umma. Moto wa chuo unaweza kuchoma pia ushahidi kwamba mtu alisoma.

Wapo waliokwisha kuligeuza jambo hili kuwa haki ya mwanafunzi. Tarehe 19 Januari 2000, bweni la Boland Hall katika Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey, Marekani, liliungua alfajiri. Wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza walikufa na zaidi ya 50 waliumia. Kengele ililia, lakini muhula uliotangulia ilikuwa imelia mara nyingi bila moto, na baadhi yao walidhani ni yaleyale. Mwaka huohuo New Jersey ilipitisha sheria ya kuweka vinyunyizio vya maji katika mabweni yote kwa muda wa miaka minne. Miaka minane baadaye Bunge la Marekani liliandika wajibu mpana zaidi. Kila chuo chenye mabweni, kikitaka wanafunzi wake wapate misaada ya serikali, lazima kiwe na daftari la moto. Kila moto uandikwe ndani ya siku mbili za kazi, ukitajwa aina yake, siku, saa na mahali, na kurasa za siku 60 zilizopita ziwe wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Oktoba, chuo hutoa ripoti inayotaja, bweni kwa bweni, mioto mingapi ilitokea kwa miaka mitatu, sababu zake, waliokufa, walioumia, hasara, mitambo ya kuzuia moto iliyopo na mazoezi yaliyofanywa.

Sheria hiyo haikuhitaji teknolojia ya ajabu. Ilihitaji daftari, kalamu, na adhabu kwa asiyeandika. Olkaria ina uzoefu wa vitu hivyo vyote kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa vyuo vya Nakuru na Bonde la Ufa, daftari la namna hiyo linaweza kuanza bila kusubiri Bunge la Nairobi. Sheria ya 2007 tayari inampa afisa wa eneo haki ya kuuliza. Bunge la kaunti lina mamlaka juu ya zimamoto, na linaweza kudai kwamba kila chuo chenye hosteli, cha umma au binafsi, kilipeleke daftari lake kwa kikosi kila muhula, pamoja na ramani ya majengo na mahali mabomba ya maji ya zimamoto yalipo. Afisa wa zimamoto anayejua kwamba bweni fulani limetoa moshi mara nne kwa mwaka atalifikia kwa akili nyingine kabisa likiita mara ya tano. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na mamlaka ya TVET nazo zinaweza kuliweka daftari miongoni mwa nyaraka zinazokaguliwa wakati wa kuhuisha idhini ya chuo.

Liandikwe nini? Siku na saa; chumba; kilichowaka na kilichokiwasha; nani aliona kwanza na alifanya nini; kengele ililia au haikulia; ilichukua dakika ngapi watu kutoka nje; kilichorekebishwa baadaye, na tarehe ya marekebisho. Kengele ya uongo iandikwe pia, kwa sababu Seton Hall ilionyesha inavyoua. Jina la mwanafunzi aliyeripoti moto wake mwenyewe lisiwe katika ukurasa unaosomwa na umma, na asiadhibiwe kwa kuripoti. Hili litapingwa. Wapo watakaosema kwamba kumsamehe mwenye koili ni kuihalalisha. Jibu ni kwamba koili ipo tayari, na chuo kinachotaka iondoke kijenge jiko la pamoja lenye umeme wa kutosha na saa za kutumika, kama baadhi ya hosteli za watafiti zinavyofanya. Uchomaji wa makusudi ni jambo lingine na una polisi na mahakama zake: msichana aliyetiwa hatiani kwa moto wa Moi Girls alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2022. Hukumu ile ilijibu swali la nani aliwasha. Haikupanua mlango wa bweni lolote.

Ugumu mkubwa utakuwa kwenye wageni wasioandikishwa. Hakuna msimamizi atakayewakiri kwenye karatasi, na hakuna mwanafunzi atakayemtaja mwenzake aliyekosa chumba. Lakini zimamoto wanapofika, swali lao la kwanza ni kama kuna mtu aliyebaki ndani, na jibu la uongo huwaingiza vijana wenye familia zao katika moshi bure, au huwaacha nje wakati mtu yumo. Vyuo vilivyodahili wanafunzi kuliko vitanda vyake vinalijua tatizo hili kwa tarakimu. Ofisi ya usajili ina idadi moja na ofisi ya malazi ina nyingine. Idadi hizo mbili zikiwekwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari, mjadala wa hosteli mpya utakuwa na msingi.

Mahali pa kuanzia ni juma la pili la muhula wa Septemba, wanafunzi wapya wakiwa bado hawajazoea ngazi. Pawe na zoezi moja la usiku, lililotangazwa siku tatu mapema kwa Kiswahili na Kiingereza, askari wa lango wakiwepo na kikosi cha Naivasha au Nakuru kikialikwa. Kengele ilie, watu watoke, wahesabiwe chumba kwa chumba, na dakika ziandikwe. Asubuhi yake idadi ya dakika hizo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila bweni, pamoja na jina la mlango uliokataa kufunguka na la ofisi iliyopewa kazi ya kuurekebisha.